Damu ya kutosha si akiba ya chuma

Hapa Tanga, kuanzia Makorora hadi Duga, mama akirudi nyumbani na mtoto njiti hupokewa na washauri wengi. Nia yao njema, na mengi wanayosema yanamsaidia. Ila ipo kauli moja inayorudiwa mno, nami kila nikiisikia naumia kwa sababu anayelipa ni mtoto: "Si wamempima wakasema damu ipo? Hayo matone ya chuma ya nini tena? Muache mtoto apumzike na madawa." Na mama, aliyechoka kwa kumbeba mwanawe kifuani mchana na usiku, anaacha.

Akiba ya chuma ni chuma ambacho mwili umekiweka kando kwa matumizi ya baadaye. Kwa sehemu kubwa kinakaa kwenye ini, kimefungwa ndani ya protini inayoitwa feritini. Wingi wa damu, ule tunaosomewa kwa kipimo cha himoglobini, unaonyesha chuma ambacho tayari kipo kazini ndani ya chembe nyekundu. Kwa hiyo hivi ni vitu viwili. Duka la Ngamiani linaweza kuwa na rafu zilizojaa huku stoo nyuma imebaki maboksi matupu, na mteja anayechungulia kutoka barabarani hawezi kujua. Kipimo cha himoglobini kinaangalia rafu.

Sasa kwa nini njiti hasa? Njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito, na madini mengi mtoto huyapokea kwa mama yake katika miezi mitatu ya mwisho. Humo ndimo kondo la nyuma linapopitisha sehemu kubwa ya chuma, zinki na shaba, pamoja na kalisi na fosforasi za mifupa. Kijusi hubeba takriban miligramu 75 za chuma kwa kila kilo ya mwili. Mtoto aliyetimiza miezi na kuzaliwa na kilo 3 anakuja na kama miligramu 225. Aliyezaliwa na kilo 1 anakuja na kama 75. Na huyu wa kilo 1 ndiye atakayekua kwa kasi kuliko mwenzake: ili afike kilo 3 akiwa na chuma kilekile kwa kila kilo, lazima apate miligramu 150 nyingine. Zitoke wapi?

Wengi watajibu, kwenye maziwa ya mama. Lita nzima ya maziwa ya mama ina chuma kisichofika nusu miligramu. Njiti wa kilo moja na nusu ananyonya au kunyweshwa kama robo lita kwa siku, basi kinachomfikia ni sehemu ya kumi tu ya miligramu, au kasoro. Haya hayasemwi ili kuyalaumu maziwa. Yako hivyo kwa kila mtoto, na aliyetimiza miezi hadhuriki kwa sababu anakula akiba yake kwa miezi mingi ya mwanzo. Wala mama asidhani kwamba akinywa juisi ya rozela kwa jagi chuma kitaongezeka ziwani. Chuma na zinki ndani ya maziwa havifuati sana chakula cha mama. Madini joto ndiyo yanayofuata, na ndiyo maana chumvi yenye madini joto jikoni kwa mama ni chakula cha mtoto pia. Rozela, dagaa na kisamvu avile na ajenge damu yake mwenyewe, maana naye amepoteza nyingi.

Maziwa ya mama yaendelee, tena kwa njiti yana kazi ambayo hakuna maziwa mengine yanaifanya sawasawa: yanamkinga na ule ugonjwa mbaya wa utumbo unaowapata watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Naomba hili lisikike vizuri katika mji huu wa maziwa ya ng'ombe. Mtoto akipewa ya ng'ombe kabla ya mwaka mmoja, chuma chake kinazidi kupungua, kwa kuwa maziwa hayo yana chuma kidogo na yanaweza kuufanya utumbo uvujishe damu kidogo kidogo bila mtu kuiona. Chai ya maziwa inaongeza balaa, kwa sababu majani ya chai hukizuia chuma kisifyonzwe.

Turudi kwenye damu na akiba, maana hapa ndipo penye uzito. Chuma kinapokuwa haba, mwili haugawi sawa kwa sawa. Unatanguliza chembe nyekundu, na viungo vingine vinangoja, ubongo ukiwemo. Ubongo wa njiti uko kwenye kazi kubwa kuliko wakati wowote wa maisha yake, unajenga njia za mawasiliano na kuzifunika ala zake, na kazi hiyo inahitaji chuma. Maana yake ni kwamba himoglobini inaweza kusoma vizuri wakati ubongo umeshaanza kupungukiwa. Damu ikionekana imeshuka, akiba iliisha kitambo. Kwa hiyo anayesema "damu ipo, acha matone" anaacha kinga kwa kutumia kipimo ambacho huchelewa kutoa taarifa kuliko vyote.

Na upande wa pili nao upo, usisahaulike. Damu inaweza kuwa chini huku chuma kipo. Wiki za mwanzo karibu kila njiti damu yake hushuka, kwa sababu homoni inayouamuru uboho utengeneze chembe nyekundu bado ni kidogo, na kwa sababu anachomwa sindano za vipimo mara kwa mara akiwa na damu chache mno mwilini. Kumjaza chuma wakati huo hakuongezi damu. Mtoto aliyeongezewa damu mara kadhaa naye huwa amepokea chuma kingi ndani ya damu hiyo, na mwili hauna njia ya kukitoa chuma kilichozidi. Ndiyo maana daktari anaweza kumwambia mama mmoja aanze matone na jirani yake wa kitanda cha pili angoje. Si upendeleo. Wanatazama akiba, kila mtoto na ya kwake.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 ulisema watoto waliozaliwa na uzito chini ya gramu 1,500 wanaotumia maziwa ya mama wapewe chuma miligramu 2 hadi 4 kwa kila kilo kwa siku, kuanzia wiki 2 hadi umri wa miezi 6. Neno "kwa kila kilo" lina maana yake: mtoto akiongezeka uzito, dozi ile ya mwezi uliopita imeshakuwa pungufu. Na kuna hatari ya kutisha kwa wanaovunja vidonge vya mama vya kuongeza damu. Kidonge kimoja cha mjamzito kwa kawaida kina takriban miligramu 60 za chuma. Kwa mtoto wa kilo moja na nusu hiyo ni dozi ya siku 10 hadi 20, na chuma kikizidi kwa kiasi hicho ni sumu. Apewe dawa ya matone aliyoandikiwa, na chupa iwekwe mbali na watoto wakubwa.

Zinki inasahaulika kwa sababu haina kipimo ambacho mtaa unakijua, na haina stoo kama ya chuma. Njiti akipungukiwa, uzito unakwama ingawa ananyonya, anaharisha, na ngozi inatoka vidonda kuzunguka mdomo na makalio ambavyo wengi huvipaka dawa ya fangasi wiki hadi wiki. Zinki nayo ikipewa kwa wingi kwa muda mrefu inaizuia shaba isifyonzwe, na mtoto aliyekosa shaba anapata upungufu wa damu usiosikia dawa ya chuma. Kwa hiyo hata "hana damu, mpe chuma" si jibu la kila siku.

Akiba inaanza kulindwa pale pale mtoto anapozaliwa. Mkunga akisubiri angalau dakika 1 kabla ya kukata kitovu, kwa mtoto asiyehitaji kusaidiwa kupumua, damu iliyokuwa kwenye kondo inaingia kwa mtoto mwenyewe, na chuma chake humo humo. Wanaosimama karibu wasimharakishe.

Basi shangazi, mama mkwe, jirani: ukiambiwa mtoto damu yake ipo, furahi, ni habari njema. Ila usiseme "basi aache". Mwambie mama aende na kadi ya kliniki na chupa ya matone, mtoto apimwe uzito, kisha aulize: "Akiba yake ya chuma je? Na kwa uzito huu wa leo, matone ni mangapi?"