Ramani Moja, Kanuni Tofauti: Jinsi Madhehebu ya Unajimu wa India Yanavyosoma Ramani ya Kuzaliwa

Wengi wanaoniuliza kuhusu unajimu wa India, ambao wenyewe huuita Jyotisha, huanza na lalamiko lilelile: wamewapa wanajimu wawili tarehe, saa na mahali pa kuzaliwa, wakarudishiwa maelezo yasiyofanana, wakahitimisha kwamba mmoja wao hajui kazi yake. Huenda ikawa hivyo. Mara nyingi zaidi, hata hivyo, wote wawili wamehesabu sawasawa, ila kila mmoja amesoma kwa kanuni za madhehebu yake, na kanuni hizo hazikubaliani hata juu ya jambo la msingi kabisa, yaani kitu gani ndani ya ramani kinachobeba hukumu: ni sayari, ni buruji (moja ya sehemu 12 za mzunguko wa anga), au ni kipande kidogo cha manzili ya Mwezi, yaani moja ya sehemu 27 za mzunguko huohuo?

Nitalieleza hili kwa kutumia ramani ambayo si siri ya mtu yeyote, nayo ni ile ya uhuru wa India, iliyochorwa kwa saa sita kamili usiku wa kuingia Agosti 15, 1947, mjini Delhi. Wanajimu wa madhehebu yote wameijadili kwa miongo mingi. Kwa hesabu ya Kihindi, buruji iliyokuwa ikichomoza mashariki, yaani Lagna, ilikuwa Ng'ombe, na ndani yake alikuwamo Rahu, ambaye ni kifundo cha kaskazini cha njia ya Mwezi, yaani mahali inapokatana na njia ya Jua, naye huhesabiwa pamoja na sayari. Mirihi ilikuwa Mapacha, Mshtarii ilikuwa Mizani, Ketu, kifundo cha kusini, alikuwa Nge, na Jua, Mwezi, Zebaki, Zuhura na Zohali vilikuwa vimesongamana katika Kaa. Msongamano huo wa vitano ndio unaoifanya ramani hii iwe mfano mzuri, kwa sababu kila madhehebu huufungua kwa njia yake.

Kabla ya kufika huko, kuna tofauti iliyo chini ya zote. Jyotisha hupima buruji kwa kuzifungamanisha na nyota zenyewe, si kwa kuanzia mahali Jua linapokuwa siku ya mlingano wa machipuko kama wafanyavyo wanajimu wengi wa Magharibi, na pengo kati ya vipimo hivyo viwili, linaloitwa ayanamsa, sasa ni takriban digrii 24. Ukubwa wake kamili una mabishano. Kamati ya kurekebisha kalenda ya India, iliyoongozwa na mwanafizikia Meghnad Saha na kutoa ripoti yake mwaka 1955, ilikubali kipimo kinachojulikana kwa jina la Lahiri. B. V. Raman wa Bangalore, aliyefariki mwaka 1998, alitumia kingine kilicho pungufu kwa karibu digrii moja na nusu. Pengo hilo linaonekana dogo, lakini kwenye ramani yetu linakisogeza kikomo cha kipindi cha kwanza cha maisha ya taifa kutoka mwaka 1965 hadi 1963. Kwa hiyo hata wafuasi wawili wa madhehebu mamoja wanaweza kutofautiana kwa miaka miwili kabla hawajafasiri neno lolote.

Madhehebu yenye wafuasi wengi zaidi ni yale yanayonasibishwa na mwenye hekima Parashara. Hapa mbebaji wa hukumu ni sayari. Kila sayari inamiliki buruji moja au mbili, inakaa katika nyumba fulani kati ya nyumba 12, yaani sehemu za maisha zinazohesabiwa kuanzia Lagna, na inazitazama nyumba nyingine. Zote huitazama nyumba ya saba kutoka zilipo. Mirihi huongeza ya nne na ya nane, Mshtarii ya tano na ya tisa, Zohali ya tatu na ya kumi. Kwa Lagna ya Ng'ombe, Zohali inamiliki nyumba ya tisa na ya kumi kwa pamoja, na kwa sababu hiyo inahesabiwa kuwa sayari yenye heri kubwa kuliko zote, ingawa kwa tabia yake ni sayari kali. Msomaji wa Parashara ataona kwamba sayari hiyo, pamoja na Zuhura iliyo mmiliki wa Lagna, zimo katika nyumba ya tatu, nyumba ya juhudi, majirani na mawasiliano, na kwamba zote mbili zimelikaribia Jua mno kiasi cha kuhesabiwa kuwa zimeungua.

Wakati wa matokeo hupimwa kwa vipindi vya Vimshottari, ambavyo jumla yake ni miaka 120 iliyogawanywa kwa sayari tisa kwa mafungu yasiyo sawa. Pa kuanzia panategemea manzili aliyomo Mwezi wakati wa kuzaliwa. Mwezi wa ramani hii ulikuwa digrii 3 na dakika 59 za Kaa, ndiyo kwanza umeingia manzili ya Pushya inayotawaliwa na Zohali; kwa hiyo taifa lilianza na miaka 18 hivi ya Zohali, kikafuata kipindi cha miaka 17 ya Zebaki, kisha 7 ya Ketu, 20 ya Zuhura, 6 ya Jua na 10 ya Mwezi, iliyoishia mwaka 2025.

Sasa mpe ramani hiyohiyo mfuasi wa Jaimini, mwenye hekima mwingine anayenasibishwa na madhehebu ya pili. Kwake zinazotazamana ni buruji, na sayari hufuata buruji zilimo. Buruji zinazohama, yaani Kondoo, Kaa, Mizani na Mbuzi, huzitazama buruji thabiti, yaani Ng'ombe, Simba, Nge na Ndoo, isipokuwa ile iliyo jirani yake. Thabiti nazo huzitazama zinazohama kwa sharti hilohilo. Na zile nne zilizobaki, za tabia mbili, hutazamana zenyewe kwa zenyewe. Tazama matokeo yake. Kwa kanuni ya Parashara, hakuna hata moja kati ya sayari saba, bila kuwahesabu Rahu na Ketu, inayoitazama Lagna ya ramani hii. Kwa kanuni ya Jaimini, Kaa inaitazama Ng'ombe, na Mizani inaitazama Ng'ombe, hivyo sayari sita zinaielekea Lagna kwa wakati mmoja. Msomaji wa kwanza anaona Lagna iliyoachwa peke yake na Rahu, na wa pili anaona Lagna iliyozungukwa. Sijui mfano ulio wazi kuliko huu wa jinsi kanuni moja inavyoweza kuigeuza picha nzima.

Jaimini pia hagawi kazi za sayari kwa umiliki wa nyumba peke yake. Sayari iliyosonga digrii nyingi zaidi ndani ya buruji yake ndiyo Atmakaraka, kiashiria cha nafsi ya mwenye ramani. Inayofuata ni kiashiria cha mshauri na kazi, na kuendelea hadi ya mwisho, kiashiria cha mwenza. Hapa Jua, likiwa karibu digrii 28 za Kaa, ndilo Atmakaraka, na Mshtarii inashika nafasi ya pili. Kwenye nafasi ya tatu mabishano yanaanza tena, kwa kuwa wapo wanaohesabu sayari saba na wapo wanaomwingiza Rahu kuwa wa nane, wakimpima kinyumenyume kwa sababu mwendo wake ni wa kurudi nyuma. Ukimwingiza, anachukua nafasi ya tatu na Zuhura inateremka hadi ya nne. Hata vipindi vya wakati, katika utaratibu unaoitwa Chara, ni vya buruji wala si vya sayari.

Madhehebu ya tatu ni changa sana. K. S. Krishnamurti wa Madras, aliyeishi kuanzia 1908 hadi 1972, aliona kwamba kanuni za kale zinaacha mlango wazi mno kwa maoni ya msomaji, akatafuta njia ya kupata jibu la ndiyo au hapana. Aliichukua kila manzili yenye digrii 13 na dakika 20 na kuigawa mafungu tisa yasiyo sawa, kwa uwiano uleule wa Vimshottari, na baada ya kukata upya mafungu yanayovuka mipaka ya buruji akapata mafungu 249. Kwake sayari hutoa kwanza matokeo ya mtawala wa manzili iliyomo, na mtawala wa fungu ndiye anayeamua kama jambo litatimia.

Chini ya kanuni hiyo, msongamano wa Kaa unagawanyika. Mwezi na Zebaki vimo Pushya, kwa hiyo vinasema kwa niaba ya Zohali. Zohali, Zuhura na Jua vimo Ashlesha, manzili ya Zebaki, kwa hiyo vinasema kwa niaba ya Zebaki. Zaidi ya hapo, Krishnamurti alitumia nyumba zisizo sawa za Placidus, mfumo wa Magharibi wa kugawa nyumba, na mwanzo wa nyumba ya nne unaangukia kati ya Zohali na Zuhura. Zuhura na Jua vinahamia nyumba ya nne, nyumba ya ardhi na makazi, wakati msomaji wa Parashara amevihesabu vyote vitano katika ya tatu.

Usahihi huo una gharama yake. Lagna husonga digrii moja kwa takriban dakika nne za saa, na Lagna ya ramani hii iko jirani kabisa na mpaka wa fungu la Ketu na lile la Zuhura, hivyo tofauti ya dakika moja ya saa inaweza kubadili mtawala wa fungu. Hata hivyo ninaiheshimu nia ya Krishnamurti, kwa kuwa dai la ndiyo au hapana ni dai linaloweza kupimwa. Na upimaji umewahi kufanyika, ingawa si juu ya madhehebu yake pekee: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, mwanafizikia wa anga Jayant Narlikar na wenzake waliwapa wanajimu 27 ramani 40 kila mmoja ili watenganishe watoto wenye vipaji vya masomo na wale wenye ulemavu wa akili, na majibu sahihi yakawa takriban asilimia 46, yaani si bora kuliko kubahatisha. Anayetaka kuisoma elimu hii kwa uaminifu hana budi kulijua hilo pamoja na kanuni zake.

Zipo pia njia nyingine mbili. Tajika, iliyoingia India kutoka kwa Waajemi na Waarabu, haishindani na hizi tatu kwa kuwa inasoma mwaka mmoja mmoja, kwa ramani mpya inayochorwa kila Jua linaporejea mahali lilipokuwa siku ya kuzaliwa. Lal Kitab, iliyochapishwa kwa Kiurdu kati ya 1939 na 1952, huipa kila nyumba buruji yake ya kudumu kuanzia Kondoo, bila kujali buruji iliyochomoza, na umaarufu wake unatokana zaidi na tiba zake za gharama nafuu. Kuhusu maumbo ya kuchora, almasi ya kaskazini na mraba wa kusini, hayo ni desturi ya mikoa tu na hayaibadilishi hukumu.

Mipaka kati ya Parashara na Jaimini si ukuta. Kitabu chenyewe cha Brihat Parashara Hora Shastra, kama tulivyokipokea, kina sura za kutazamana kwa buruji na za viashiria vinavyobadilika kama Atmakaraka, na wanajimu wengi hodari huisoma ramani mara mbili, kwanza kwa kanuni hizi na kisha kwa zile, wakalipa uzito jambo linalojitokeza kote kuwili. Hilo nalikubali. Nisilolikubali ni kuchukua mtazamo wa buruji kutoka kwa Jaimini ili kuiokoa Lagna, kisha kuchukua umiliki wa nyumba kutoka kwa Parashara ili kuisifu Zohali, na mwishowe kuazima fungu la Krishnamurti ili kupata tarehe, yote ndani ya sentensi moja. Kwa kufanya hivyo, kila ramani itasema chochote msomaji anachotaka. Kwa hiyo, mtu akikupa usomaji wa ramani yako, muulize ametumia ayanamsa ipi, nyumba za aina gani, na kipindi cha wakati amekihesabu kwa utaratibu upi, kabla hujamuuliza maana ya jambo lolote.