Kabla Hujamkabidhi Fundi Kompyuta Yako

Kwenye meza nyingi za mafundi kompyuta mambo huenda hivi. Mteja anafika na kompyuta mpakato isiyopokea chaji, anaeleza tatizo, kisha anaulizwa: "Paswedi yake?" Anaitaja kwa sauti. Fundi anaiandika kwenye kipande cha karatasi pamoja na jina na namba ya simu, anakibandika kwa selotepu juu ya mfuniko, na mashine inapangwa na nyenzake. Bisibisi haijagusa skrubu hata moja, lakini kila anayepita nyuma ya meza ile tayari anaweza kufungua barua pepe za mtu huyo, picha za familia yake na nakala ya kitambulisho aliyowahi kuiskani.

Mteja alipaswa kuuliza swali moja tu: tundu la chaji linahitaji nenosiri la kazi gani?

Halihitaji. Kioo kilichopasuka, kibodi iliyomwagikiwa na chai, betri iliyovimba, feni inayounguruma, bawaba zilizolegea, zote hizo ni kazi za mikono. Ni kweli fundi anataka kupima kazi yake kabla ya kukurudishia, na ana haki hiyo. Ila mashine nyingi zina kipimo cha ndani kinachofunguka kabla Windows haijawaka. Kwenye nyingi za HP hubonyezwa F2, na kwenye za Dell F12. Fundi aliyejipanga pia huwa na flashi yenye mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, Linux, anawashia hapo mashine ya mteja, anapima sauti, kamera na mtandao, na faili zako hazijaguswa.

Watu wakisikia haya husema tunawashuku mafundi bure. Mafundi wengi ni waaminifu, hilo halina ubishi. Lakini jambo hili limewahi kupimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walipeleka kwa mafundi kompyuta zenye hitilafu ndogo ya sauti, ambayo kuitengeneza hakuhitaji kufungua faili lolote. Ndani yake walikuwa wameweka programu ya kurekodi kila kinachofanyika. Kumbukumbu zilizopatikana kutoka sehemu 12 zilionyesha kwamba katika sehemu 6 mafundi walifungua faili binafsi za mteja, na katika 2 kati ya hizo walizinakili kwenda kwenye kifaa kingine. Wengine walifuta orodha ya faili zilizofunguliwa karibuni ili wasijulikane. Watafiti haohao walipoomba kubadilishiwa betri tu, karibu kila walikokwenda waliombwa nenosiri.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hawalijui. Nenosiri la kuingilia Windows, peke yake, haliyalindi mafaili yako. Linazuia mtu kupita kwenye skrini ya kuingilia, basi. Akiifungua mashine kwa chini, akaitoa diski (mara nyingi ni kipande chembamba kilichoshikwa na skrubu moja) na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine, anaona kila kitu kama kilivyo. Ni kitasa kizuri kwenye nyumba isiyo na ukuta wa nyuma.

Ukuta wenyewe ni usimbaji fiche wa diski nzima. Kwenye Windows unaitwa BitLocker, au usimbaji wa kifaa kwenye matoleo ya nyumbani. Kwenye Mac ni FileVault, na kwenye Linux ni LUKS. Ukiwa umewashwa, diski iliyochomolewa ni rundo la herufi zisizosomeka. Uwashe leo, mashine ikiwa nzima, kwa sababu ikishaharibika huenda usipate nafasi hiyo tena. Halafu hifadhi ufunguo wa dharura mahali pengine nje ya kompyuta hiyo: wa BitLocker una tarakimu 48, na mara nyingi unapatikana pia kwenye akaunti yako ya Microsoft. Fundi akibadilisha bodi kuu, mashine itauomba ufunguo huo kabla ya kuwaka. Usipokuwa nao, faili zako hutaziona wewe wala yeye. Na tukumbushane: diski isimbwe, isisimbwe, ukishamtajia fundi nenosiri umemfungulia mlango mwenyewe.

Mashine ikiwa bado inawaka, anza na nakala rudufu kwenye diski ya nje, kisha fungua moja mbili kuhakikisha zinasomeka. Fundi anaweza kusafisha diski bila kuuliza, kwa hiyo hatua hii peke yake inakuokoa na balaa kubwa.

Kinachofuata ni kivinjari, na hapa ndipo penye hatari kuliko folda ya picha. Manenosiri uliyoyahifadhi kwenye Chrome yanaonekana kwa maandishi kwa yeyote mwenye nenosiri au PIN ya kuingilia Windows, yaani ileile iliyobandikwa kwenye karatasi. Tena akaunti uliyoiacha wazi haihitaji hata nenosiri. Mtu anafungua kivinjari na kujikuta tayari yumo kwenye barua pepe yako, na namba ya uthibitisho inayokuja kwenye simu haitaulizwa kwa sababu mfumo unadhani ni wewe. Toka kwenye akaunti zote, ondoa manenosiri yaliyohifadhiwa, na usiisahau WhatsApp ya kwenye kompyuta.

Mashine ikiwa imezima kabisa, kazi hiyo ifanye kwa simu. WhatsApp ina orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na akaunti ya Google ina ukurasa wa vifaa vyako. Kiondoe kifaa hicho huko, kisha badilisha nenosiri la barua pepe. Na kama diski inachomoka, mwombe fundi aitoe mbele yako uondoke nayo mfukoni. Kwa kazi ya kioo au kibodi haina lazima ya kulala dukani. Baadhi ya mashine nyembamba za kisasa, zikiwemo nyingi za Apple, diski yake imechomelewa kwenye bodi, hivyo njia hii haitawezekana.

Kufuta faili haraka haraka kabla ya kwenda kwa fundi sikupendekezi. Kwenye diski za zamani zinazozunguka, faili lililofutwa hubaki palepale hadi liandikiwe juu, na kuna programu za bure za kulirudisha. Kibaya zaidi, folda iliyounganishwa na OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft) au huduma kama hiyo ukiifuta kwenye kompyuta inafutika na mtandaoni.

Tatizo likiwa la Windows yenyewe, fundi hana budi kuingia ndani. Kwa jambo dogo, mfungulie akaunti ya muda ya kawaida, isiyo na mamlaka ya msimamizi, kwa kuwa msimamizi anaweza kujipa ruhusa ya kufungua folda za wengine. Kwa jambo kubwa, kaa naye au hamisha vitu vyako vyote kisha aisafishe mashine na kuanza upya. Ikibidi kabisa kutoa nenosiri, libadilishe kwanza liwe la muda, ambalo hulitumii popote pengine.

Kompyuta ya ofisi haiendi kwa fundi wa nje kwa uamuzi wako. Alama za wanafunzi au majalada ya wagonjwa yaliyomo humo si mali yako kuyahatarisha. Kabidhi kitengo cha TEHAMA.

Ikirudi, ikague kabla hujaingiza nenosiri la akaunti yoyote ya mtandaoni. Tazama orodha ya programu kama kuna AnyDesk, TeamViewer au nyingine ya kuiendesha kompyuta kutoka mbali ambayo hukuiweka. Tazama kama imeongezeka akaunti mpya ya mtumiaji, au kiendelezi (programu ndogo ya nyongeza) usichokijua kwenye kivinjari. Changanua virusi. Kama fundi alikuwa na nenosiri lako, badilisha la kompyuta, la barua pepe na la benki, ukitumia kifaa kingine.

Na kama diski ilibadilishwa, dai ile ya zamani, hata ukiambiwa imekufa. Diski isiyowaka kwako bado inaweza kusomwa na mwenye vifaa vya kuokoa data. Mtengenezaji akisema kwa masharti ya dhamana lazima ibaki kwake, uliza kwa maandishi itaharibiwaje na nani. Uliza hivyo kabla ya kusaini fomu ya mapokezi, ungali na uwezo wa kuichukua mashine yako na kuondoka.