Thadi pati sio bima ya gari yako

Kila muhula ukianza hapa Ishaka, Uganda, wanafunzi wanashuka na magari, Vitz, Spacio, Premio ya mjomba, na ukiuliza gari ina bima unaambiwa ina, tena fulu, halafu kidole kinaelekezwa kwenye sitika ya kioo cha mbele. Jamani. Hiyo sitika ni thadi pati. Sio fulu, sio ya gari, na kusema ukweli hata sio yako.

Thadi pati, yaani mtu wa tatu, ni ile bima ya lazima, kuna sheria ya mwaka 1989 inayokataza gari kutembea barabarani bila hiyo, na kazi yake ni kumlipa mtu mwingine akiumia au akifa kwa sababu ya gari yako. Basi, maana yake ni hiyo tu.

Sasa tuhesabu hao watu maana hapo ndo wengi wanapotea. Wa kwanza ni wewe uliyelipa. Wa pili ni kampuni iliyopokea hela na kukuandikia karatasi. Wa tatu ni yule ambaye hamkumuuliza chochote wakati mnaandikiana, mama anayevuka na mkungu wa matoke, mtu wa boda, abiria wa boda. Huyo ndo mwenye bima. Unalipa wewe, ila unamlipia yeye, na ukiingia mtaroni peke yako usiku ukitoka Bushenyi ile sitika haikujui, bampa ni lako, radieta ni yako na mkono uliovunjika pia ni wako.

Mpaka hapo watu huwa wananielewa, wanasema "kumbe mimi simo, sawa." Halafu wanaanguka kwenye hatua inayofuata, na hii ndo inayoniudhi kuliko zote. Kuna kijana alikuwa anarudi nyuma pale geti la hosteli, hakuangalia kioo, akabamiza Noah ya mzee mmoja iliyokuwa imepaki zake pembeni, taa ya nyuma ikapasuka na mlango ukabonyea ndani. Kijana akashuka hana hata wasiwasi, "mzee wangu usijali, nina bima, na hapa we si ndo thadi pati?" Kwa hesabu yuko sawa kabisa, mzee ni mtu wa tatu. Lakini mzee hakuumia, iliyoumia ni Noah, na thadi pati ya sheria yetu inahusu mwili wa mtu, haihusu bati. Mlango haumo, taa haimo, ukuta wa geti haumo, kibanda cha rolex, zile chapati za mayai, hakimo, hata ng'ombe wa pembe ndefu anayekatiza barabara hayumo, na bei ya huyo ng'ombe usiichezee. Walizunguka wiki nzima wakibishana na mwisho wazazi wa kijana ndo walimlipa fundi bodi.

Ukitaka bati la mwenzako liwemo, kampuni nyingi zinauza nyongeza ya mali ya mtu wa tatu, unailipia pembeni. Kuna na ile ya kati inayoongeza moto na wizi. Hizo zote ni hiari na zote sio ile sitika.

Na huo mwili wenyewe una kikomo. Sheria inasema shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja. We jiulize milioni ya 1989 ilikuwa nini na ya leo ni nini, mguu ukihitaji chuma na upasuaji kwenye hospitali ya binafsi hiyo hela inaisha mapema sana, na kinachobaki hakiifuati kampuni, kinakufuata wewe na familia yako.

Halafu kuna hii inatoka kwenye video za Marekani na Uingereza, ati ukiwa dereva mpya bima inapanda bei. Kwao ni kweli. Hapa bei ya sitika inafuata aina ya chombo, gari binafsi, pikipiki, teksi, lori, haiulizi umri wako wala pamiti, yaani leseni ya udereva, umepata lini. Ujana unakuja kukuuma kwenye komprehensivu, hiyo ndo fulu yenyewe, ile inayogusa gari yako mwenyewe na ambayo malipo yake ni asilimia ya thamani ya gari. Kule kila ukidai kuna kiasi unatoa mfukoni kwanza, wanaita eksesi, na mikataba mingi inakuwekea eksesi ya pili juu yake kama dereva ni kijana au pamiti yake bado changa. Wanafunzi wananunua bila kusoma ule ukurasa, siku ya kudai ndo wanashtuka.

Wenzetu mnaoingia na gari za nyumbani kupitia Busia au Mutukula, ile kadi ya njano ya COMESA, bima ya kuvukia mipaka, nayo kimsingi ni thadi pati, inakupa kiwango cha chini kinachotakiwa na sheria ya nchi uliyoingia, yaani ukiwa hapa unapimwa kwa sheria ya hapa. Mmoja aliniambia ni komprehensivu ya kimataifa na alikuwa na uhakika kabisa, nikamwambia asome nyuma ya kadi.

Kwa hiyo mkiazimana gari wikendi kwenda Mbarara, kuulizana "ina bima?" hakusaidii, jibu ni ndio kila siku. Uliza kama ni thadi pati peke yake au kuna kitu juu yake, na kama kipo, je kinamkubali dereva mwenye pamiti ya kujifunza? Na mwenye gari akisema ni fulu, muombe kwa heshima tu akuonyeshe mkataba, sio kioo.