Kuchangia mayai ya uzazi: maswali ya wasichana wa Nairobi

Kwa nini mwanamke aamue kuchangia mayai yake?

Kuchangia ni kutoa mayai yako ili mwanamke mwingine apate mtoto. Wengine wana dada au rafiki aliyehangaika miaka mingi bila kupata mtoto. Lakini kwa msichana wa chuo anayeishi Roysambu au Kahawa Wendani, karo haijalipwa na mwenye nyumba anabisha hodi, pesa mara nyingi ndiyo sababu ya kwanza. Hilo si aibu. Mwili unaochomwa sindano ni wake. Ninachohofia ni haraka. Mwenye dhiki leo huisikia hatari ya kesho kama habari ya mtu mwingine.

Hufanyika nini hasa?

Kwanza vipimo: damu, VVU na magonjwa mengine ya zinaa, hali ya ovari (viungo vinavyohifadhi mayai), na maradhi ya kurithi katika ukoo wenu. Kisha sindano za homoni kila siku, kwa kawaida siku 8 hadi 14. Wengi hujidunga wenyewe nyumbani, tumboni chini ya kitovu. Baadhi ya dawa hizo hutakiwa kukaa kwenye friji, kwa hiyo kama huna, iambie kliniki mapema. Kila baada ya siku chache unapimwa kwa altrasaundi. Sindano ya mwisho, ya kuyakomaza mayai, hudungwa saa maalumu, na takriban saa 36 baadaye unapewa dawa ya usingizi, kisha mayai yanavutwa kwa sindano ndefu inayopitia ukeni.

Je, mayai yangu yatakwisha?

Hapana. Kila mwezi mayai mengi huanza kukua, moja hukomaa na mengine hufa. Homoni huyakomaza yale ambayo yangekufa mwezi huo huo.

Basi niogope nini?

Ovari kuchochewa kupita kiasi. Tumbo kujaa gesi kidogo ni kawaida. Tumbo likivimba sana, ukitapika, uzito ukipanda ghafla, mkojo ukipungua au ukishindwa kupumua vizuri, nenda hospitali usiku huo huo: maji yanavuja kutoka kwenye mishipa na damu inaweza kuganda. Hali hiyo kali hutokea kwa wachache, na walio na ovari zenye vifuko vingi wamo hatarini zaidi. Maumivu makali ya ghafla upande mmoja huenda ni ovari imejisokota. Nayo haingoji asubuhi. Kuna pia uwezekano wa kuvuja damu au kupata maambukizi.

Na usifanye mapenzi katika kipindi hicho, kwani yai lililobaki linaweza kukupa mimba.

Na saratani?

Wachangiaji hawajafuatiliwa miaka ya kutosha. Anayekuapia kwamba hakuna hatari yoyote ya baadaye anasema zaidi ya anachokijua.

Niulize nini kabla ya kutia sahihi?

Zungumza na daktari mwenyewe, si wakala anayetafuta wachangiaji peke yake. Uliza: nikiugua siku 3 baada ya kutolewa mayai, nampigia nani, na bili analipa nani? Jibu liwe kwenye maandishi. Malipo yasipimwe kwa idadi ya mayai, maana hapo kuna kishawishi cha kukuongezea dawa. Uliza pia kama mtoto ataweza kukutafuta akikua. Vipimo vya DNA vimefanya siri hiyo kuwa ngumu kutunzwa. Ukisita, una haki ya kukataa hata baada ya sindano kuanza, mradi mayai hayajatolewa.