"Si ndugu hao, nimewatoa mitaa tofauti": tunavyojidanganya kwenye kupandisha mbwa

Hapa Mwanza dhana hii inaongoza: dume katoka Igoma, jike katoka Buhongwa, wauzaji hawajuani, basi hakuna undugu. Hata mimi niliiamini. Nikampandisha jike wangu wa German Shepherd kwa dume la jirani, akazaa wanne. Mmoja alitoka mfu, mwingine akagoma kunyonya, siku ya tatu akafa. Nikamlaumu hadi mama anayeniuzia mapanki ya kuwachemshia. Baadaye ndipo nikauliza nilichopaswa kuuliza mwanzo: baba wa jike wangu na baba wa dume hilo ni nani? Kumbe baba ni mmoja. Dume lenye kifua kipana, lililozungushwa Nyakato hadi Pasiansi, mwenye nalo akilipwa mtoto mmoja wa kuchagua kila jike likizaa. (Siwezi kuapa kwamba undugu ndio uliowaua wale wawili; watoto wa mbwa hufa hata kwa baridi. Ila nilijiongezea hatari bila kujua.)

Ukweli ni kwamba kinachohesabiwa ni ukoo, si mtaa. Hesabu ya kupima undugu huo kwa asilimia aliiweka mtaalamu wa urithi, Mmarekani Sewall Wright, mwaka 1922. Ukipandisha ndugu wa baba na mama mmoja, watoto wanapata asilimia 25, sawa na baba akimpanda binti yake. Ndugu wa baba mmoja tu, kama wangu, ni 12.5. Binamu, 6.25. Na hapo tunachukulia kwamba waliotangulia hawakupandishwa kindugu; kama walipandishwa, inapanda zaidi. Asilimia 25 maana yake, shika jeni (chembe ya urithi) yoyote ya mtoto: kuna nafasi moja kati ya nne kwamba nakala aliyopewa na baba na ile ya mama ni kitu kilekile, kimetoka kwa mhenga mmoja.

"Lakini ndivyo damu inavyosafishwa!" Hapa kuna nusu ya ukweli, ndiyo maana dhana haifi. Kupandisha kindugu kweli hukaza umbo na rangi. Ila hakuchagui: kasoro nazo hukazwa. Nakala mbovu ya jeni mara nyingi hujificha nyuma ya nzima, mbwa anabweka na kulinda geti kama kawaida. Akikutana na ndugu aliyeificha ileile, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kupata mbovu mbili. Waulize wafugaji wa Dalmatian. Wa damu safi wote walibeba kasoro ya asidi ya yuriki inayoweza kuleta mawe kwenye kibofu, kwa hiyo ndani ya ukoo hapakuwa na mzima wa kumkopa. Mwaka 1973 Robert Schaible, huko Marekani, akaingiza Pointer mmoja, mbwa wa aina nyingine mwenye nakala nzima, kisha uzao wake ukarudishwa kwa Dalmatian kizazi baada ya kizazi.

Wanaosubiri kuona kilema ndipo waamini nao wanapotea. Mara nyingi dalili ni watoto wachache na vifo vya siku za mwanzo, basi.

Cheti cha ukoo? Kikionyesha vizazi vitatu, cha nne hukioni.

Na ile ya kwamba mbwa wa mtaani ni "koko, wote ndugu"? Mbwa wa kienyeji wa Afrika wana vinasaba mchanganyiko kuliko hao wa kizungu tunaowagombania. Jike anayezurura anaweza hata kubeba mimba moja yenye baba wawili.

Mwisho kuna wanaokata tamaa: ukoo ukishaingiliana hauponi. Si kweli. Hata wazazi wote wawili wawe wamezaliwa kindugu, wasipohusiana wao kwa wao, hesabu ya watoto wao inarudi sifuri. Jike wangu nilimpandisha tena, safari hii kwa dume la kienyeji kutoka Sengerema, nikamvusha mwenyewe. Alizaa saba, wote wakanyonya. Wanne masikio yamelala, na wateja wakiyaona wanashusha bei.