Je, wajua kwa nini Shakespeare alimpa mlinzi mjinga siri kubwa kuliko zote?

Katika mchezo wa Shakespeare uitwao Much Ado About Nothing, uliochapishwa mwaka 1600, mkuu wa ulinzi mjini Messina ni Dogberry. Akiwapanga walinzi wa zamu ya usiku anawaagiza hivi: mtu akikataa kusimama, mwacheni aende zake, mshukuru Mungu mmeepukana na mwovu.

Halafu kuna ulimi wake. Dogberry anapenda maneno mazito, ila kila mara anashika la jirani. Akidharauliwa anafoka: "Huutuhumu wadhifa wangu? Huutuhumu umri wangu?" Alitaka kusema "huuheshimu". Kiswahili kinaupokea mzaha huu vizuri sana, maana kutuhumu na kuheshimu yanaishia sauti moja. Mhalifu naye anatishiwa kuhukumiwa "wokovu wa milele".

Watazamaji wa London walimjua mtu wa namna hii. Jeshi lao la polisi lilikuja mwaka 1829. Enzi za Shakespeare konstebo alikuwa mkazi wa kawaida, mara nyingi fundi au mfanyabiashara, aliyeshika zamu ya mwaka mmoja bila mshahara. Aliyemwigiza Dogberry ni mchekeshaji Will Kemp. Twajua hivyo kwa sababu chapa ile ya 1600 imeacha jina "Kemp" pale palipopaswa kuandikwa "Dogberry".

Lakini siri yenyewe si ya kuchekesha. Usiku, manyunyu yakidondoka, walinzi wanamsikia mwovu mmoja, Borachio, akimsimulia mwenzake jinsi alivyopata dukati 1,000, sarafu za enzi hizo, kwa hila ya kumchafulia jina Hero, bibi harusi wa kesho yake. Wanawakamata wote wawili. Asubuhi Dogberry anakwenda kwa Leonato, baba yake Hero, na kuzungusha maneno mpaka mzee, aliye mbioni kwenda kanisani, anamwambia anachosha. Dogberry anadhani amesifiwa! Hapo huumia kila ninaposoma: sentensi moja iliyonyooka ingemwepusha Hero na aibu ya kukataliwa madhabahuni. Ndiyo maana Shakespeare aliufanya ulimi ule kuwa wa kombo. Ukweli umeshapatikana, ila uko mikononi mwa asiyeweza kuusema, na wenye cheo hawana subira ya kumsikiliza.

Mwishowe Borachio mwenyewe anakiri mbele ya Don Pedro, mwana wa mfalme aliyedanganywa na hila ile kwa macho yake mwenyewe: yale ambayo hekima yenu haikuweza kuyagundua, wajinga hawa wameyafichua.