Acheni kujumlisha na kugawa kwa mbili

Nimeletewa tena jibu la nyuzi 60. Swali: kilo moja ya chuma chenye nyuzi 100 imetumbukizwa kwenye kilo moja ya maji ya nyuzi 20; vyote viwili vitatulia kwenye nyuzi ngapi? Mtu kajumlisha, kagawa kwa mbili, kamaliza. Hapana jamani! Ni karibu nyuzi 28.

Hesabu yenyewe ni fupi. Joto linalotoka kwenye chuma ndilo linaloingia majini: tungamo (kilo zake) mara joto mahususi (joto la kupandisha kilo moja kwa nyuzi moja) mara badiliko la jotoridi (zile nyuzi), pande zote mbili. Joto mahususi la chuma ni jouli (kipimo cha joto) 450 kwa kilo kwa kila nyuzi, la maji 4186.

Kinachonikera ni imani kwamba chenye jotoridi kubwa ndicho chenye joto jingi. Chuma hicho kikishuka nyuzi 72 kimetoa jouli 32,500 hivi. Maji yanazimeza zote na kupanda nyuzi 8 tu. Wastani ungefaa kama vyote viwili vingekuwa maji.

Halafu wapo wanaoapa kwamba risasi (ile metali), kwa kuwa nzito, itapasha maji zaidi. Ijaribuni: kilo kwa kilo, maji yanaishia nyuzi 22 na kidogo. Wanasayansi wa Ufaransa, Dulong na Petit, walishaona mwaka 1819 kwamba ukihesabu kwa idadi ya atomu, metali nyingi hubeba joto karibu sawa. Atomu ya risasi ni nzito, basi kilo moja inabeba atomu chache. Uzito uleule mnaoutegemea ndio unaoipunguzia joto.

Kwenye vipimo, angalieni matone. Unapochomoa chuma kwa uzi kutoka maji yanayochemka, huwa kinang'aa kwa unyevu. Gramu 2 za maji hayo hubeba joto sawa na gramu 19 hivi za chuma! Kung'uta, lakini haraka, maana hewani nako kinapoa.

Chuma chekundu cha nyuzi 800 ndicho kinachonipa mashaka. Kikiingia majini kinachachatika, na kila gramu 10 zinazoruka kama mvuke huondoka na jouli 22,600 hivi, hata kama maji yaliyobaki ni vuguvugu. Tena 450 ni ya chuma baridi; kikiwaka, joto mahususi lake huwa kubwa zaidi. Kusahau mvuke kunavuta jibu juu, kutumia 450 kunalivuta chini, nami sithubutu kudai kwamba makosa hayo yanafutana.